Ni Ngapi, wa Ngapi, ni Nani? Python na Msako wa Namba Ndogo

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia karibu bega kwa bega. Saa iliwaandikia wote wawili muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ni picha ya kamera ya mstarini iliyoonyesha kwamba Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Iliass Aouani wa Italia alifuata sekunde 5 nyuma yao.

Sasa chukua matokeo ya hao watatu, uyapange kwa alfabeti ya majina ya ukoo kama orodha nyingi zinavyopangwa, kisha uiulize lugha ya programu ya Python ni nani mwenye muda mdogo kuliko wenzake. Itajibu: Petros. Haitasita, haitaonya, wala haitataja kwamba yupo mwingine mwenye muda huohuo. Dhahabu ya Simbu itakuwa imepotea ndani ya mstari mmoja wa msimbo ambao hauna kosa lolote la kisarufi.

Kutafuta namba ndogo ni somo la wiki ya kwanza kwa kila anayejifunza lugha hii ya programu. Kumtafuta mwenye namba hiyo kunaonekana kuwa hatua ndogo tu mbele ya hapo, na ndiyo sababu watu wengi huipita bila kutazama chini. Hatua hiyo inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu mara nyingi kinachotakiwa si namba. Medali haivalishwi muda, huvalishwa mtu.

Maswali matatu, si moja

Kiswahili kina maneno matatu yanayotenganisha jambo hili waziwazi: ngapi, wa ngapi, na nani. Muda mdogo kabisa ni sekunde ngapi? Mwenye muda huo ni wa ngapi katika orodha? Mtu huyo ni nani? La kwanza linauliza thamani, la pili linauliza nafasi, la tatu linauliza jina. Python nayo ina njia tofauti kwa kila moja, na makosa mengi huanza pale mtu anapouliza swali moja akidhani ameuliza jingine.

Mfano mzuri ni Wakenya sita walioweka rekodi ya dunia ya marathoni kati ya 2003 na 2023. Paul Tergat alikimbia saa 2:04:55 mwaka 2003, Patrick Makau 2:03:38 mwaka 2011, Wilson Kipsang 2:03:23 mwaka 2013, na Dennis Kimetto 2:02:57 mwaka 2014. Eliud Kipchoge aliishusha mara mbili, ya pili ikiwa 2:01:09 mwaka 2022. Hao wote walifanya hivyo Berlin. Kisha Kelvin Kiptum akakimbia 2:00:35 Chicago mwaka 2023. Muda huo ukigeuzwa kuwa sekunde, unaingia katika kamusi ya Python hivi:

    muda = {"Tergat": 7495, "Makau": 7418, "Kipsang": 7403,
            "Kimetto": 7377, "Kipchoge": 7269, "Kiptum": 7235}

Anayetaka kujua ni sekunde ngapi ataandika min(muda.values()), naye atapata 7235. Jibu ni sahihi, lakini jina limebaki nyuma. Anayeanza kujifunza huona njia fupi zaidi: min(muda). Hapo Python hutoa jibu la "Kimetto". Hakuna ujumbe wa kosa. Kilichotokea ni kwamba kamusi ikipitiwa yenyewe hutoa majina, si thamani, na majina hulinganishwa kwa alfabeti. Kim hutangulia Kip. Amri hiyo imetafuta jina dogo badala ya mwenye muda mdogo, na kwa kuwa imetoa jina la mwanariadha wa kweli, si rahisi mtu kushtuka.

Njia sahihi ni kuipa amri ya min kigezo cha kulinganishia:

    min(muda, key=muda.get)

Maana yake ni hii: pitia majina, lakini unapoyalinganisha tumia muda wa kila mmoja. Jibu ni "Kiptum". Kigezo hicho cha key kiliongezwa katika Python 2.5 mwaka 2006. Kabla ya hapo waandishi wa programu walikuwa wakifunga jozi za muda na jina, muda ukitangulia, kisha wakitafuta jozi ndogo. Mbinu hiyo ya jozi bado inafanya kazi hadi leo, na faida yake ni kwamba thamani na jina hutoka kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba wawili wakilingana muda, Python huendelea kulinganisha majina, na alfabeti inageuka kuwa mwamuzi ambaye hakuna aliyemteua.

Nafasi inayoanzia sifuri

Matokeo yakiwa katika orodha ya kawaida isiyo na majina, kinachotafutwa ni nafasi. Njia iliyozoeleka ni orodha.index(min(orodha)): kwanza tafuta namba ndogo, kisha uliza imekaa wapi. Kwa muda wa wanariadha wale sita, jibu ni 5, ingawa Kiptum ni wa sita kwa kuhesabu kwa vidole. Python huhesabu kuanzia sifuri.

Jambo hili huwasumbua wanafunzi, lakini msomaji ana mahali pa kulishikia. Kwenye barabara ya mbio, mstari wa kuanzia ni kilomita sifuri. Namba ya nafasi katika Python ni umbali kutoka mwanzo wa orodha, si cheo cha aliyepo hapo. Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa kompyuta, aliandika mwaka 1982 hoja maarufu ya kutetea hesabu inayoanzia sifuri, na lugha nyingi zimeifuata njia hiyo.

Njia ya index(min) huipitia orodha mara mbili: mara ya kwanza kutafuta thamani, mara ya pili kutafuta mahali ilipo. Anayetaka kupita mara moja hutumia enumerate, amri inayoziambatanisha nafasi na thamani, au huandika min(range(len(orodha)), key=orodha.__getitem__). Kwa orodha ya watu sita, hata elfu sita, tofauti ya kasi haionekani. Usomekaji ndio unaopaswa kuamua, na index(min) inasomeka vizuri.

Inayostahili kuepukwa ni tabia ya kuipanga orodha nzima ili kuchukua wa kwanza. Kumpata mdogo kati ya namba n kunahitaji ulinganisho n toa 1, wala haiwezekani kupungua hapo. Sababu yake inaeleweka na kila shabiki wa mpira: katika mashindano ya mtoano yenye timu 16, lazima zichezwe mechi 15, kwa sababu kila timu isipokuwa bingwa ni lazima itolewe mara moja, na kila mechi huitoa timu moja tu. Kwa namba milioni moja, huo ni ulinganisho 999,999. Kupanga namba milioni moja zilizochanganyika huhitaji ulinganisho unaokaribia milioni 20. Kazi yote hiyo ya ziada inampanga wa pili, wa mia na wa laki tano, watu ambao hakuna aliyewaulizia.

Jedwali lenye safu nyingi

Data za kweli mara nyingi huja kama jedwali. Hapa ndipo NumPy inapoingia, maktaba ambayo Travis Oliphant alikamilisha toleo lake la kwanza mwaka 2006 na ambayo sasa ni msingi wa kazi nyingi za kisayansi katika Python. Amri yake ya argmin haitoi thamani. Hutoa nafasi moja kwa moja.

Zitazame nusu mbili za marathoni tatu. Kimetto alikimbia nusu ya kwanza kwa sekunde 3705 na ya pili kwa 3672. Kipchoge, mwaka 2022, alikimbia 3591 na 3678. Kiptum alikimbia 3648 na 3587. Jedwali lina mistari mitatu na safu wima mbili.

Ukiita argmin bila maelezo mengine, NumPy hulinyoosha jedwali lote kuwa mstari mmoja wa namba sita na kujibu 5. Asiyejua hili atatafuta mstari wa 5 katika jedwali lenye mistari mitatu. Amri ya unravel_index huirudisha ile 5 kuwa mstari 2, safu 1: yaani Kiptum, nusu ya pili.

Ukiongeza axis=0, swali linageuka. Sasa unauliza, kwa kila nusu, nani alikuwa na kasi zaidi. Jibu ni 1 na 2: nusu ya kwanza ni ya Kipchoge, nusu ya pili ni ya Kiptum. Ukiandika axis=1, unauliza kila mmoja alikwenda mbio zaidi katika nusu ipi. Jibu ni 1, 0, 1: Kimetto na Kiptum waliongeza kasi katika nusu ya pili, Kipchoge alikuwa na kasi zaidi katika nusu ya kwanza. Namba ni zilezile sita, lakini kila swali limefungua habari tofauti ya mbio. Kocha anayechanganya axis mbili hizo atapata majibu yanayoonekana ya kawaida, kisha atampangia mwanariadha mazoezi ya mtu mwingine.

Lebo na nafasi: mgogoro wa pandas

Wachambuzi wengi wa data hawagusi NumPy moja kwa moja. Hufanya kazi na pandas, maktaba iliyoanzishwa na Wes McKinney mwaka 2008. Katika pandas kila mstari una lebo yake, na lebo hiyo yaweza kuwa jina, tarehe au namba. Kwa hiyo zipo amri mbili: idxmin inayotoa lebo, na argmin inayotoa nafasi.

Kwa miaka mingi mambo hayakuwa hivyo. Katika matoleo ya zamani, argmin ya safu moja ya pandas ilikuwa jina la pili la idxmin. Nayo pia ilitoa lebo, kinyume na argmin ya NumPy. Toleo la 0.21 la mwaka 2017 lilianza kutoa onyo, na toleo la 1.0, Januari 2020, likabadilisha maana yake kuwa nafasi. Msimbo wa zamani ulioandikwa kwa maana ya kwanza unaweza kuendelea kufanya kazi leo huku ukitoa majibu ya maana ya pili. Anayerithi programu ya miaka hiyo kazini na aikague kwanza amri hii.

Tofauti ya lebo na nafasi huonekana waziwazi pale jedwali linapochujwa. Tuseme wale wanariadha sita wamepewa lebo 0 hadi 5, kisha jedwali likachujwa wabaki walioweka rekodi baada ya 2015. Wanabaki Kipchoge mwenye lebo 4 na Kiptum mwenye lebo 5. Sasa idxmin inajibu 5, argmin inajibu 1. Zote mbili zinamtaja Kiptum, kila moja kwa namna yake. Lakini anayechukua ile 1 na kurudi nayo kwenye jedwali la awali atamkuta Makau. Kanuni ni rahisi kuikumbuka: jibu la idxmin hupelekwa kwenye loc, amri inayotafuta mstari kwa lebo, jibu la argmin hupelekwa kwenye iloc, inayotafuta kwa nafasi, na yote hufanyika katika jedwali lilelile lililoulizwa.

Lebo zikijirudia, kuna mtego mwingine. idxmin itatoa lebo moja, lakini loc itarudisha mistari yote yenye lebo hiyo, pamoja na ile isiyo na thamani ndogo. Wakimbiaji wawili wenye jina moja la ukoo, jambo la kawaida kabisa katika riadha ya Kenya, watatoka pamoja hata kama mmoja alimaliza wa mwisho.

Namba zisizo namba

Kiptum alikimbia nusu ya kwanza kwa saa 1:00:48 na ya pili kwa dakika 59:47. Mtoto wa shule ataona kwamba ya pili ni ndogo. Lakini muda huo ukisomwa kutoka kwenye faili kama maandishi, Python itasema "1:00:48" ndiyo ndogo, kwa sababu maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi na 1 hutangulia 5. Ndivyo pia bei ya "1200" iliyoandikwa kama maandishi inavyokuwa ndogo kuliko "950". Faili nyingi za masoko, shule na zahanati hufika kwa mchambuzi zikiwa katika hali hii, na hakuna kosa litakaloonyeshwa.

Kisha kuna asiyemaliza. Katika marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, iliyoshindwa na Tamirat Tola wa Ethiopia kwa saa 2:06:26, Kipchoge aliacha mbio njiani. Muda wake hauandikwi popote kwa sababu haupo. Karani anayejaza 0 kwenye nafasi hiyo ili isikae wazi amemfanya aliyeacha mbio kuwa bingwa. Hakuna sekunde chache kuliko sifuri. Kwa anayetafuta kubwa, 0 huenda isilete madhara. Kwa anayetafuta ndogo, hakuna thamani mbaya kuliko hiyo.

Python yenyewe ina alama ya thamani isiyokuwepo, None, na ukiichanganya na namba ndani ya min programu husimama na kutoa kosa. Hilo ni jambo jema. Kosa linaloonekana hurekebishwa. Alama ya nan inayotumika katika data za kisayansi ni ngumu zaidi. Kwa kanuni za hesabu za kompyuta, nan si ndogo wala kubwa kuliko kitu chochote, wala si sawa na chochote, na kuuliza lolote kati ya hayo hutoa jibu la False. Matokeo yake ni kwamba min([nan, 7586, 7607]) hutoa nan, ilhali min([7586, nan, 7607]) hutoa 7586. Jibu limebadilika kwa sababu ya mpangilio tu.

Maktaba nazo hazikubaliani. argmin ya NumPy hutoa nafasi ya nan ya kwanza inayokutana nayo, kana kwamba ndiyo ndogo kuliko zote. Anayetaka kuiruka hutumia nanargmin. idxmin ya pandas huiruka bila kuambiwa. Data moja, msimbo unaofanana, washindi wawili tofauti. Orodha tupu nayo ina tabia yake: min huleta kosa, isipokuwa umeipa jibu la akiba kwa kigezo cha default, kilichoongezwa katika Python 3.4.

Sare ya Tokyo

Python, NumPy na pandas zinakubaliana katika jambo moja: namba zikilingana, wa kwanza kukutwa ndiye anayetajwa. Kanuni hii imeandikwa wazi katika maelezo yao, na kwa kamusi inategemeka kwa sababu tangu Python 3.7 kamusi hutunza mpangilio ambao majina yaliingizwa. Kanuni ni thabiti, ila haina uhusiano wowote na haki. Aliyetangulia katika orodha anaweza kuwa aliyesajiliwa mapema, au mwenye jina linaloanza na A.

Katika riadha tatizo liko ndani ya data yenyewe. Kanuni za mbio za barabarani zinataka muda upandishwe hadi sekunde kamili inayofuata. Zile 0.03 zilizompa Simbu dhahabu hazimo katika safu ya muda hata kidogo. Hakuna ustadi wa msimbo utakaozitoa humo. Programu inayoheshimu ukweli huo inaweza kufanya jambo moja tu: kutaja wote waliofikia muda mdogo, kisha kuacha uamuzi kwa chanzo kingine, iwe ni picha ya mstarini au safu ya nafasi za kumalizia.

Msimbo wake una mistari miwili:

    mdogo = min(muda.values())
    washindi = [jina for jina, m in muda.items() if m == mdogo]

Katika pandas, nsmallest(1, keep="all") hufanya kazi hiyohiyo.

Uzito wa jambo hili hauishii uwanjani. Ofisi ya ununuzi inayotafuta zabuni ya bei ya chini inauliza jina la kampuni, si bei. Programu ya ramani inayochagua kituo cha afya kilicho karibu inauliza jina la kituo. Njia ya Dijkstra ya kutafuta safari fupi, aliyoichapisha mwaka 1959, katika kila hatua humchagua mwenye umbali mdogo kati ya waliobaki. Katika kazi kama hizo, wawili wakilingana, au mmoja akikosa thamani, kuna mtu atakayepata na mwingine atakayekosa kwa uamuzi ambao mwandishi wa programu hakujua kwamba ameufanya.

Kwa hiyo anayeandika programu ya kutoa jina moja na ajibu kwanza maswali matatu: je, thamani zote ni namba kweli, asiye na thamani anatolewa au anasimamisha kazi, na walio sare wanafanywaje? Akishayajibu, aandike mistari ile miwili na ahesabu majina kabla ya kumtangaza yeyote. Kwa orodha ya Tokyo, majina yatakayotoka ni mawili: Petros na Simbu.